Himaa na Haki ya Mwenye Mbuzi Wachache



Kabla ya masika tulitembelewa na imamu wa msikiti wa Ijumaa wa kijiji kimoja cha pwani. Mkononi alikuwa na karatasi, tangazo la serikali ya kijiji ambalo mwenyekiti alimtaka alisome baada ya Swala ya Ijumaa. Tangazo lilisema kwamba msitu ulio juu ya chemchemi ya kijiji utafungwa: hakuna kukata mti, hakuna kuchoma mkaa, hakuna kuingia na shoka wala panga, na hakuna kuokota kuni. Imamu hakuwa na shaka kwamba chemchemi inapungua, kwani ameona kwa macho yake foleni ya ndoo inavyorefuka kila mwaka. Lakini usiku wa kuamkia Ijumaa alibishiwa hodi na mjane mwenye yatima watatu, ambaye riziki yake ni kuuza kuni. "Maalim," alimwambia, "mimi sina konde wala ng'ombe. Msitu ule ndio konde langu. Kesho ukilisoma lile tangazo, niambie pia nitawapa nini watoto."

Imamu hakulisoma. Aliliahirisha wiki moja akaja kwetu na swali: je, sharia inaruhusu wenye mamlaka kuwafungia watu ardhi ambayo mababu zao wameitumia? Na kama inaruhusu, mama huyu ana haki gani? Kulikuwa na jambo jingine pia, ambalo hakulitaja mpaka tulipomuuliza, nasi tutalirejea mwishoni.

Tumeona tulijibu swali lake hapa kwa urefu kwa sababu linawahusu maimamu wengi. Siku hizi mimbari zetu zina khutba mbili juu ya ardhi. Khatibu mmoja husimama na aya ya 56 ya Suuratul-Aaraf, inayokataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake, akawahimiza watu wasikate miti. Mwingine husimama na aya ya 61 ya Suurat Hud, ambamo Nabii Salih (a.s.) anawakumbusha watu wake kwamba Allah amewaumba kutokana na ardhi na akawataka waiimarishe. Huyu huwahimiza watu walime, wajenge na wapande. Imamu Abubakar Al-Jassas wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka 370 Hijria, aliichukua aya hiyo ya pili kuwa ni dalili ya uwajibu wa kuistawisha ardhi kwa kilimo, kwa kupanda miti na kwa majengo. Makhatibu wote wawili wamesema kweli. Tatizo ni kwamba msikilizaji anatoka msikitini hajui afanye nini na shoka lake, kwa sababu aya zimesomwa lakini fiqhi haikusomwa. Na fiqhi ya jambo hili ipo, tena ni ya zamani, na mlango wake mkubwa unaitwa himaa.

Himaa ya Kulaib na himaa ya Mtume (s.a.w.)

Himaa kwa lugha ni mahali palipolindwa pasikaribiwe. Kwa istilahi ya mafakihi, ni kuitenga sehemu ya ardhi isiyomilikiwa na mtu, ili majani yake na miti yake vibaki kwa ajili ya maslahi maalumu, na watu wazuiwe kuifufua kwa kilimo au majengo.

Waarabu waliijua himaa kabla ya Uislamu, lakini ilikuwa himaa ya kibabe. Imamu Shafii katika Al-Umm anaeleza desturi yao: mkubwa wa kabila akishukia bonde lenye rutuba alipanda mahali palipoinuka akambwekesha mbwa wake, na pale sauti ya mbwa ilipokomea kila upande ndipo pakawa mpaka wa himaa yake. Hapo hakuchunga mwingine. Yeye lakini aliendelea kushirikiana na watu katika malisho yao ya nje. Yaani chake ni chake, na chenu ni chetu sote. Aliyesifika zaidi kwa himaa ya namna hii ni Kulaib bin Rabia, ambaye alimpiga mshale ngamia jike wa mwanamke aitwaye Basus kwa kuwa aliingia katika himaa yake. Kulaib akauliwa kwa sababu hiyo, na vita vya Basus vilivyofuata husemwa na wanahistoria kwamba vilidumu miaka arubaini.

Mtume (s.a.w.) aliivunja desturi hiyo. Katika hadithi ya Saab bin Jaththama (r.a.), aliyoipokea Imamu Bukhari, alibatilisha kila himaa isipokuwa iliyo kwa ajili ya Allah na Mtume Wake. Wanavyuoni wamelitafsiri neno hili kwa namna mbili. Wako waliosema kwamba baada ya Mtume (s.a.w.) hakuna mtu yeyote awezaye kuweka himaa, na hii ni moja ya kauli mbili za Imamu Shafii. Wengine, nao ndio wengi, wamesema kwamba kilichobatilishwa ni himaa ya mtu kwa nafsi yake, ama kiongozi wa Waislamu anaweza kuiweka kwa maslahi yao wote. Hii ya pili ndiyo kauli yenye nguvu kwa Mashafii wenyewe, kwani Mtume (s.a.w.) aliitenga An-Naqii karibu na Madina kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Sayyidna Umar (r.a.) baada yake akaitenga Ash-Sharaf na Ar-Rabadha, mbele ya macho ya Maswahaba.

Kwa hiyo jawabu la sehemu ya kwanza ya swali ni ndiyo, inaruhusiwa. Lakini aliyeishia hapo amechukua nusu ya fiqhi, na nusu hiyo peke yake inaweza kumfanya mwenyekiti wa kijiji akawa Kulaib mwenye muhuri.

Wasia wa Umar kwa Hunayy

Sayyidna Umar alimweka Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru, awe msimamizi wa himaa. Kazi ilikuwa ngumu. Ngamia na farasi waliotengwa kwa ajili ya jihadi na sadaka walihitaji majani, na wafugaji wa jirani waliyahitaji pia. Alipomkabidhi kazi alimpa wasia ambao umepokewa na Imamu Malik katika Muwatta na Imamu Bukhari katika Sahihi yake. Tunaueleza hapa kwa maana yake.

Alimwamuru kwanza awe mpole kwa watu, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa kwa kuwa dua hiyo ni yenye kujibiwa. Kisha akamwambia amruhusu kuingia katika himaa mwenye kijikundi cha ngamia na mwenye kijikundi cha mbuzi na kondoo. Halafu akamtahadharisha juu ya mifugo ya Abdur-Rahman bin Auf na ya Uthman bin Affan (r.a.), asiiruhusu. Akatoa sababu: matajiri hawa wawili mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Lakini mwenye mbuzi wachache, mbuzi wake wakifa, atakuja na watoto wake kwa Amirul-Muuminina akilia shida, na wala hataweza kumwacha. Basi maji na majani, alisema, ni mepesi zaidi kwake kuliko dhahabu na fedha ambazo angelazimika kuwapa.

Tuzingatie vizuri, ndugu msomaji. Huyu ni khalifa anayemwagiza askari wa hifadhi, kwa lugha yetu ya leo, nani amfungulie na nani amzuie. Na mizani aliyompa inauliza kila anayefika mlangoni ana nini kingine cha kuegemea. Wasia haukusema wote wazuiwe sawasawa, ingawa hilo lingeonekana kuwa ni uadilifu. Haukusema pia wote waingie, ingawa hilo lingependwa na wengi, na himaa ingekwisha kwa msimu mmoja. Umar aliwazuia wenye makundi makubwa, kwa kuwa hao ndio wawezao kulimaliza bonde na ndio wawezao kustahimili kuzuiwa. Mafakihi waliokuja baadaye waliandika kurasa nyingi, nasi hatujaona walichokiongeza juu ya kanuni hii.

Isidhaniwe kwamba Umar aliwatusi Maswahaba wawili hao watukufu. Ukarimu wao unajulikana, na mali zao zilitumika katika njia ya Allah. Aliwataja kwa majina kwa sababu ndio waliokuwa mfano wa utajiri Madina, na ili Hunayy asije akawaonea haya. Msimamizi wa himaa hamuonei haya mwenye mbuzi wawili. Anayemuonea haya ni mkubwa.

Mwisho wa wasia huo ndio unaotushughulisha zaidi. Umar alikiri kwamba watu wanaona amewadhulumu. Hakusema kwamba ardhi ile ni ya serikali. Alisema ni nchi yao, waliipigania zama za Jahilia na wakasilimu nayo mikononi mwao, na akaapa kwamba lau si wanyama anaowapandisha watu katika njia ya Allah, asingewafungia hata shibiri moja ya ardhi yao. Ni kiongozi gani leo, anapofunga msitu, huanza kwa kukiri kwamba ni wa waliouzunguka?

Sharti walizoweka mafakihi

Kutokana na mapokezi haya mafakihi wameichora mipaka. Wanavyuoni wa Kimaliki wanataka iwe na haja ya umma, iwe ndogo isiyowabana watu wa mahali hapo, na iwe katika ardhi isiyo na shamba wala jengo. Imamu Al-Mawardi wa madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika Al-Ahkam As-Sultaniyya anafafanua kwamba himaa ikiwekwa kwa watu wote, basi tajiri na fakiri ni sawa ndani yake. Ikiwekwa kwa ajili ya mafakiri, matajiri watazuiwa. Lakini haijuzu kuwawekea matajiri wakazuiwa mafakiri. Kwa kauli hiyo, ardhi iliyozungushiwa uzio ili wageni wachache wenye fedha wawinde au wapumzike humo, na wanakijiji wakafukuzwa, haiitwi himaa hata ikiwekewa kibao cha hifadhi chenye picha ya twiga.

Al-Mawardi anaongeza jambo ambalo maimamu wetu huulizwa mara nyingi: kiongozi hana ruhusa ya kuwatoza wenye mifugo malipo kwa kuchunga katika ardhi mfu au katika himaa, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amewafanya watu kuwa washirika katika vitu vitatu, maji, majani na moto. Je, kiingilio anachotozwa mtalii kinaingia hapo? Sisi hatuoni hivyo. Mtalii hakuja na ng'ombe mwenye njaa, na anacholipia ni huduma na matembezi. Lakini mwanakijiji kutozwa ushuru kwa mzigo wa kuni kavu wa kupikia nyumbani kwake, hilo liko karibu sana na kile alichokikataza Al-Mawardi, na aliyelipitisha ana haja ya kuleta hoja.

Idhkhiri

Kuna tukio la Makka ambalo hatujalisikia likitajwa katika khutba za mazingira, nalo lina uzito kuliko mengi yatajwayo. Mwaka 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (s.a.w.) aliutangaza utakatifu wa mji: mwindo wake usishtuliwe, miba yake isikatwe, majani yake mabichi yasifyekwe. Hii ni haram, daraja yake iko juu ya himaa yoyote itakayowekwa na mwanadamu mpaka Siku ya Kiyama. Hapo hapo ami yake Abbas (r.a.) akasimama, akamwomba aiache idhkhiri, kwani watu wanaihitaji. Idhkhiri ni jani la porini lenye harufu nzuri, wahunzi waliliwashia moto, watu waliezekea nyumba na waliliweka makaburini. Mtume (s.a.w.) akalitoa idhkhiri katika katazo.

Ombi la Abbas halikuchukuliwa kuwa ni uasi wala upungufu wa imani. Tangazo kubwa namna ile lilisikiliza haja ya mhunzi na ya mwenye paa linalovuja. Madina nako, palipofanywa haram baina ya nyanda zake mbili za mawe meusi, mti wake haukatwi, lakini imepokewa ruhusa ya mtu kumlisha ngamia wake. Basi aliyetunga tangazo la kufunga msitu, akaambiwa na mama mmoja kwamba kuna idhkhiri yake ndani, ana ruwaza njema ya kumjibu.

Kuni katika vitabu vya fiqhi

Himaa si mlango pekee. Kuna ihyaul-mawaat, kuifufua ardhi mfu, ambayo ndiyo njia ya maendeleo katika sharia: aliyeifufua ardhi isiyo na mwenyewe ni yake. Imamu Abu Hanifa ameshurutisha idhini ya kiongozi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin Al-Hasan, pamoja na Imamu Shafii na Imamu Ahmad, hawakuishurutisha. Imamu Malik ametofautisha baina ya iliyo karibu na makazi na iliyo mbali. Na aliyeweka mawe ya mpaka kisha akaiacha, Sayyidna Umar alimpa miaka mitatu tu, ikipita haki yake imeondoka. Hata Bilal bin Al-Harith Al-Muzani (r.a.), aliyepewa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe ardhi ya Al-Aqiq, Umar alimwambia abaki na kile anachoweza kukihudumia na kilichobaki akakirudisha kwa Waislamu.

Lakini si kila ardhi isiyolimwa ni mfu, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, tena wasomi wamo. Kijiji kina hariimu yake, yaani eneo la pembeni ambalo bila ya hilo wakazi hawawezi kunufaika na makazi yao, na eneo hilo halifufuliwi na mtu binafsi. Kisima kina hariimu yake na chemchemi ina yake, na madhehebu yametofautiana katika dhiraa zake. Mafakihi wa Kishafii wanapoihesabu hariimu ya kijiji wanataja baraza ya watu kukutania, uwanja wa farasi, pa kulaza ngamia na pa kutupa majivu. Kisha wakajadili malisho na mahali pa kukata kuni, kama navyo vimo. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameyaleta mazungumzo hayo katika Rawdha, na mahali pa kuni pamefanywa kama malisho. Yaani yule mama aliyebisha hodi usiku, akidhani ana shida yake ndogo ya kidunia, suala lake limo katika vitabu tunavyovisomesha. Asiyeona konde kwenye msitu ule hakusoma vizuri.

Vivyo hivyo katika kugawa. Abyadh bin Hammal (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) chumvi ya Maarib akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwepo akaeleza kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, kila afikaye huichukua bila ya tabu. Mtume (s.a.w.) akairejesha. Mapokezi haya yamo katika Sunan ya Abu Daud na ya Tirmidhi, na mafakihi wamechukua humo kwamba kitu cha dhahiri ambacho umma wote unakitegemea hakigawiwi mtu mmoja, na kikigawiwa kwa kutojua hurudishwa.

Kutoka Hijazi hadi Kilwa

Katika Bara Arabu himaa za makabila ziliendelea kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Saudia ilizifungua kwa kila mfugaji, kwa nia ya kuondoa ugomvi wa makabila. Nia ilikuwa njema. Lakini malisho ambayo zamani yalikuwa na mwenyewe wa kuyachunga sasa yalikuwa ya kila aliyetangulia kufika, na nyanda nyingi zikachakaa. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa malisho Omar Draz alizichunguza himaa zilizosalia, na baadaye utaratibu wake ukafufuliwa nchini Syria kupitia ushirika wa wafugaji. Mwaka 1983 Saudia pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, zilitoa kitabu juu ya misingi ya Kiislamu ya kuhifadhi mazingira, na tangu mwaka 2004 vijiji kadhaa vya Lebanon navyo vimeweka himaa zao. Jambo la kukumbukwa ni kwamba himaa zilizodumu zilikuwa mikononi mwa wenyeji wenye manufaa nazo.

Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimefungua mlango unaofanana na huo: kijiji, kupitia mkutano mkuu, kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, kikautungia sheria ndogo na kuusimamia. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, vikawa miongoni mwa wa mwanzo barani Afrika kukipata kwa msitu wa asili wa wanakijiji. Mti wenyewe ni mpingo, unaotakiwa sana na watengenezaji wa zumari wa Ulaya (hukumu ya zumari zenyewe si mada yetu leo). Wanakijiji hawakuufunga msitu kabisa, wala hawakumwachia mfanyabiashara wa mbao aingie na lori usiku. Wanahesabu miti, wanavuna kidogo kwa kipimo, na fedha zinaingia katika mfuko wa kijiji. Hapo maendeleo yanatoka ndani ya hifadhi yenyewe.

Pemba kuna Misali, kisiwa ambacho wazee husimulia kwamba jina lake linatokana na msala, kwamba Nabii Khidhri alisali hapo na kisiwa kikawa msala wake. Wavuvi wamekuwa wakipiga dago pale miaka na miaka. Misali ilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na sehemu ndogo tu ya maji yake ikafungwa kabisa, nyingine ikabaki wazi kwa uvuvi wa halali. Baada ya hapo mafunzo ya Kiislamu juu ya uhifadhi yalipelekwa misikitini na kwa wavuvi wenyewe, na mwaka 2005 kisiwa kikaingizwa katika hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Wamaliki wangesema: kuna haja, na ni kidogo. Hiyo ndiyo sharti.

Unguja tuna Jozani, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Wakulima wa pembezoni walilalamika kwamba kima punju wanakula nazi changa, na lalamiko hili lina asili katika kanuni ya kutodhuru. Watafiti walikwenda wakahesabu, na mwaka 1999 wakachapisha kwamba vidaka walivyokula kima havikupunguza mavuno ya mwisho, kwa kuwa mnazi hupukutisha vidaka vingi wenyewe. Tunalitaja kwa sababu kanuni ya bayyina kuwa juu ya mdai inafanya kazi pande zote mbili. Anayedai kwamba kima amemfilisi alete bayyina, na anayedai kwamba mjane wa kuni ndiye aliyekausha chemchemi naye alete. Hata hivyo kima hula na mazao mengine, na sehemu ya mapato ya watalii hurudishwa vijijini pale Jozani. Huo ni mwenendo sahihi, kwani hasara ya himaa haibebwi na jirani peke yake.

Jawabu

Sasa turudi kwa imamu wetu. Tulipomuuliza ni nani hasa anayekata miti juu ya chemchemi, alisita kidogo, kisha akataja mambo mawili. La kwanza, matanuri ya mkaa, ambayo mkaa wake hauendi katika majiko ya kijiji bali hupakiwa kwenda mjini. La pili, shamba la ekari kumi lililofyekwa miaka miwili nyuma, hatua chache tu kutoka kwenye chemchemi, na mtu asiyekaa kijijini, kwa karatasi iliyotiwa saini na watu wachache bila ya mkutano mkuu. Tangazo halikulitaja shamba hilo hata kwa neno moja.

Tulimjibu hivi. Kuufunga msitu ule kunajuzu, na kwa sehemu inayozunguka chemchemi ni zaidi ya kujuzu, kwa sababu ni hariimu ya maji ya watu wote. Shamba la ekari kumi halikufufua ardhi mfu, limeingia katika hariimu, na aliyeligawa amegawa kile kilichorejeshwa kwa Abyadh. Kulinyamazia shamba hilo na kumzuia mjane ni kuupindua wasia wa Umar kichwa chini. Mkaa wa biashara unazuiwa kwa kila mtu, awe ni nani na awe ndugu wa nani. Ama kuni kavu zilizoanguka, zinazobebwa kichwani na asiye na konde, hizo ni idhkhiri ya kijiji kile, nasi hatuoni uhalali wa kuzizuia ila ithibitike kwa watu wenye ujuzi kwamba nazo zinadhuru. Na hapo ikithibitika, wanaozuiwa wapewe badala kabla ya kuzuiwa, kutoka katika mfuko wa kijiji au katika zaka, kwa sababu Umar alihesabu gharama hiyo kabla ya kufunga.

Juu ya imamu mwenyewe, tulimwambia kwamba si tarishi. Tangazo linalosomwa mbele ya mimbari watu hulipokea kama hukumu ya dini, basi ana haki, bali wajibu, wa kuuliza kilichomo kabla ya kulisoma.

Alirudi akakaa na mwenyekiti, na kwa insafu tuseme kwamba mwenyekiti alimsikiliza. Mkutano mkuu uliitishwa. Kilichosomwa Ijumaa ya tatu yake kilikuwa karatasi nyingine: mkaa marufuku, shoka marufuku, kuni kavu za kichwani siku mbili kwa wiki kwa kaya zisizo na mashamba, na majina ya kaya hizo yamebandikwa ofisini. Mama yule la kwake ni la nne. Shauri la ekari kumi bado liko mbele ya baraza la ardhi.

Wallahu aalam.